Gemu ndogo hazihitaji huruma yetu

Kuna sentensi naikuta sana kwenye rivyu za gemu ndogo, zile za studio za watu wachache, na kila nikiisoma inanikera, ile ya "kwa gemu ya watu wawili, si mbaya". Si mbaya kivipi sasa? Mtu katoa hela yake, kashika pedi, kakaa mbele ya tivii, gemu ama inachezeka ama haichezeki, habari ya mlikuwa wangapi studio inakuja baadaye. Afu kuna ya pili, hii inajifanya kali, "nzuri ila ni masaa matatu tu, subirini punguzo". Mi naona zote mbili zimetoka sehemu moja. Ya kwanza inampa mtengenezaji maksi za huruma, ya pili inaweka kazi yake kwenye mizani kama viazi, na hakuna hata moja iliyokaa chini ikauliza hii gemu ilitaka kufanya nini, na imefanya au haijafanya.

Naandika haya kwa sababu hizi gemu nazipenda kweli, nazicheza kuliko zile kubwa, na kitu ukikipenda unakikosoa kwa umakini, hukipigi pati mgongoni halafu ukaondoka.

Tuanze na hilo la bei maana halijaanza leo. Agosti 2008 Jonathan Blow alitoa Braid kwenye duka la Xbox 360 kwa dola 15, kipindi ambacho gemu nyingi za kushusha pale zilikuwa dola 10 au chini ya hapo, na watu walilalamika sana, dola 15 kwa gemu ya kurukaruka ya picha za bapa? Sasa nenda kaicheze ile leveli ya mwisho. Binti mfalme unayemtafuta gemu nzima yuko juu anakimbia, wewe uko chini unakimbia naye, ukuta wa moto unawafukuza nyuma, yeye anakufungulia njia na wewe unamfungulia, mpaka mnafika. Halafu muda unageuka. Unaangalia tukio lilelile likirudi kinyumenyume na ghafla unaona kumbe alikuwa anakukimbia wewe, vile vitu ulivyodhani anakusaidia alikuwa anakuwekea vizuizi. Gemu nzima imekufundisha kurudisha muda nyuma kama silaha yako, na mwisho silaha hiyohiyo inakuonyesha wewe ni nani. Hiyo haina bei kwa saa. Ukiniambia Braid ni fupi nitakuuliza ungeiongezea wapi, na kama huna jibu basi siyo fupi.

Journey ya thatgamecompany iliyotoka kwenye PS3 mwaka 2012 unaimaliza kwa masaa mawili hivi. Unatembea jangwani kuelekea mlimani, unakutana na mchezaji mwingine humjui jina, hakuna maiki, hakuna kuandikiana, mnaitana kwa mlio tu, na kuna watu wazima wamelia kwa ajili ya mtu wasiyemjua waliyetembea naye kwenye theluji. Ungeivuta hiyo ifike masaa ishirini ungeiua.

Lakini sitaki kujifanya hela siyo ishu, hela ni ishu, na kwetu sisi ni ishu kwa namna ambayo wachambuzi wa London na Los Angeles hawaigusi kabisa. Tanzania na Kenya hatumo kwenye orodha ya nchi za duka la PlayStation, kwa hiyo mtu anafungua akaunti ya Marekani au Uingereza, ananunua kadi ya zawadi kwa mtu wa kati, mtu wa kati naye anaweka cha juu, na dola 20 ya kwenye skrini siyo dola 20 iliyotoka mfukoni. Na gemu ndogo nyingi hazina diski. Hili kwetu ni kubwa. Mtu ukinunua FIFA ya zamani au God of War kwenye diski, ukimaliza unabadilishana na mshkaji, au unarudisha dukani unaongeza kidogo unachukua nyingine, ndivyo wengi tulivyocheza gemu nyingi bila kuwa na hela nyingi. Gemu ya kushusha ukiinunua umeinunua, isipokupendeza umekaa nayo. Ndo maana mi studio ndogo isiyoweka demo kwenye konsoli nailaumu waziwazi, inatuomba tuwaamini bila kutuonjesha.

Ila kuna upande ambao gemu ndogo zinatupenda bila hata kujua. Bando. Animal Well, ambayo Billy Basso aliitengeneza peke yake kwa miaka kama saba mpaka na injini akaiandika mwenyewe, ilipotoka Mei 2024 ilikuwa na uzito wa MB 33 hivi. MB, siyo GB. Unaishusha kwa bando la siku la bei ya chini kabisa na unabaki na chenji, wakati Call of Duty inakutaka GB 100 na zaidi na bado kesho ina apdeti. Na usidhani udogo huo ni unyonge, ndani mna siri juu ya siri, unapewa fataki na mapovu na sahani ya kurusha, hakuna upanga, hakuna anayekuelezea kitu, ile sahani unayodhani ni ya kurushia wanyama masaa mawili baadaye unagundua unaweza kuipanda. Sijaona rivyu ya nje ikiandika uzito wa faili kama sifa ya gemu. Kwangu ni sifa, naiweka kwenye maksi kabisa.

Sasa ufundi, maana hapa ndo penyewe. Celeste ilitoka Januari 2018, Maddy Thorson na Noel Berry na wenzao, ilianza kama kigemu cha siku nne walichokitengeneza mwaka 2015 kwenye PICO-8, programu ya kutengenezea vigemu vya mtindo wa zamani. Ni ngumu, utakufa mara nyingi mno, lakini angalia inavyokufanyia ukiwa umeishika mkononi. Madeline, yule unayemchezesha, akishatoka kwenye ukingo wa jabali, mguu umeshakanyaga hewa, gemu inakupa sehemu ndogo sana ya sekunde ambayo bado unaruhusiwa kuruka. Ukibonyeza kuruka kabla kidogo hujatua, inakumbuka ulichobonyeza na unaruka ukigusa tu chini. Kichwa kikigonga kona ya tofali kwa pikseli chache inakusogeza pembeni upite. Vyote hivyo huvioni, unachohisi ni kwamba vidole vyako leo vimekubali. Mtengenezaji amekaa akafikiria kidole gumba cha mtu asiyemjua kitakosea vipi na amemsamehe kabla hajakosea. Na kama bado inakushinda kuna sehemu ya msaada, unapunguza spidi kwa asilimia kumikumi, unaondoa kuchoka, hata kufa unaondoa ukitaka, na hadithi unaimaliza yote bila mtu kukusimanga.

Linganisha na Cuphead ya mwaka 2017, gemu nzuri sana kwa macho, imechorwa kwa mkono fremu kwa fremu kwa mtindo wa katuni za miaka ya 1930, ile kazi ya mikono mi naiheshimu mpaka basi. Lakini ukiwapiga mabosi kwa ule ugumu wa chini hupewi mikataba yao ya roho, na bila mikataba hufiki kwa mabosi wa mwisho. Yani mchezaji amelipa, amecheza, ameshinda, halafu anaambiwa ulivyoshinda siyo kushinda. Hilo ni kosa la ubunifu, na waandishi wengi walilipita kwa sababu walikuwa wameduwaa na michoro.

Silksong nayo, mwendelezo wa Hollow Knight. Team Cherry wa Adelaide, Australia, waliitangaza Februari 2019 na tukaisubiri mpaka Septemba 4, 2025, siku hiyo maduka ya mtandaoni yakazidiwa watu wakashindwa hata kununua, na bei dola 20 tu. Ni kazi kubwa, muziki, viumbe, jinsi Hornet unayemchezesha anavyotembea, sina neno. Lakini mabosi na baadhi ya maadui mapema tu wanakutoa damu mbili kwa pigo moja wakati unazo tano, kwa hiyo tano zako ni tatu tu kiukweli. Baadhi ya mabenchi ya kusevu unayalipia shanga. Na ile njia ya kurudi kwa bosi anayeitwa Last Judge kila ukifa, unapita mchanga, upepo, wale wadudu wa kuruka, mpaka unafika mlangoni umeshakasirika, halafu ndo bosi anaanza. Kwenye pambano lenyewe unajifunza kitu kila raundi, kwenye ile njia hujifunzi kitu, unalipa faini tu. Apdeti ya kwanza wenyewe waliwapunguza makali mabosi wawili wa mwanzoni, Moorwing na Sister Splinter, kwa hiyo hata wao waliliona. Watu wakisema hivyo wanaambiwa "jifunze kucheza". Mtu anaweza kuwa amejifunza kucheza, amemaliza gemu, na bado akasema ile njia haina kazi.

Kuna na mengine madogo ambayo ni lazima yasemwe. Maandishi. Mtengenezaji anaijenga gemu kwenye kompyuta, skrini iko sentimita hamsini kutoka usoni, halafu inaletwa kwenye konsoli na mimi niko kwenye kochi upande wa pili wa sebule, sioni chochote. Mwaka huu wa leo bado tunapewa gemu za kusoma sana ambazo huwezi kuongeza ukubwa wa herufi. Halafu kuigana. Hollow Knight ilifanikiwa tukaletewa mapango ya huzuni na wadudu, Stardew Valley ya Eric Barone aliyoitengeneza peke yake miaka minne na zaidi ilifanikiwa tukaletewa mashamba, mashamba, mashamba, na mengi yao wamechukua jembe wameacha kile kilichofanya Stardew iwe Stardew, yani watu wa kijijini ambao kila mmoja ana jambo lake linalomsumbua na halikuhusu mpaka umzoee.

Na tusiwalaumu wenye gemu peke yao, wenye maduka na mifumo nao wamewahi kuwabana. Fez ya Polytron mwaka 2012 ilipata apdeti iliyoharibu sevu za wachezaji wachache, na kuirekebisha kwenye Xbox wakati huo ilitakiwa ilipiwe upya ukaguzi, maelfu ya dola, wakaamua kuiacha ilivyo. Mwaka uliofuata Microsoft ikaondoa hiyo ada. Au Balatro mwaka 2024, gemu ya karata ya mtu mmoja wa Kanada anayejiita LocalThunk, PEGI wa Ulaya, wale wanaoweka alama za umri kwenye gemu, wakaipa alama ya miaka 18 kwa sababu ina mikono ya poka, wakati ndani yake huweki hata senti moja kamari, na EA Sports FC yenye pakiti za kununua kwa hela halisi wakati huo ilikuwa na alama ya miaka 3. Sisi tunaoona wadogo zetu wanavyolilia hizo pakiti tunajua ipi kati ya hizo mbili inamla mtoto. Balatro ilishushwa kuwa 12 Februari 2025 baada ya rufaa, angalau.

Nimezunguka kote huko ili nifike hapa, Tales of Kenzera: ZAU.

Kwa asiyeijua, ilitoka Aprili 23, 2024, dola 20, PS5, Xbox, Switch na kompyuta, studio inaitwa Surgent, mwanzilishi wake Abubakar Salim, muigizaji Muingereza mwenye asili ya Kenya, yule sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins. Desemba 2023 alisimama jukwaani The Game Awards akamzungumzia baba yake aliyefariki, akasema gemu imetoka kwenye huo msiba. Hadithi yake ni Zau, mganga kijana, anaweka mkataba na Kalunga, mungu wa mauti, nikuletee roho tatu kubwa zilizokataa kwenda, unirudishie baba yangu. Na gemu unaweza kuicheza kwa sauti za Kiswahili. Siyo maneno mawili matatu ya kupamba kama kwenye filamu, mazungumzo.

Ilipotoka nikaona mambo mawili. Nje, kuna kundi lilimshambulia Salim na timu yake kwa ubaguzi wa wazi, gemu hawajaicheza, wameona tu nani kaitengeneza, mpaka ikabidi azungumze hadharani. Hao siwaiti wakosoaji. Na huku kwetu, wengi tuliposti trela tukaandika "tunajivunia", bendera, moto, moyo, tukaishia hapo. Watu wangu, ile gemu ilikuwa inahitaji tuicheze na tuiseme. Basi mi naisema.

Kinachofanya kazi ni vinyago. Zau ana viwili, cha Jua na cha Mwezi, unabadilisha kwa kitufe kimoja hata katikati ya pigo. Jua ni moto wa karibu, Mwezi ni wa mbali na baridi, maporomoko ya maji unayagandisha ukayatumia kama ukuta wa kurukia. Mikono ikishazoea unamnyanyua adui juu kwa Jua, unageuza, unammalizia kwa Mwezi kabla hajatua, na inapendeza kwelikweli, ni kama ngoma mbili mkononi mwa mpigaji mmoja. Halafu kuna ile mibuyu. Unafika, Zau anakaa chini ya mbuyu, anaongea, Kalunga yupo naye, na yule mungu wa mauti hajafanywa zimwi, amefanywa mzee, mtu wa kuketi na wewe msibani na asikuharakishe. Uhai wako unaongezeka kidogo, lakini zaidi ni kukaa tu. Aliyewahi kukaa matanga ataijua hiyo sehemu vizuri kuliko mchambuzi yeyote aliyeandika kwamba inapunguza kasi.

Kisichofanya kazi, kwanza maadui. Ni wachache, wanajirudia, na wakianza kuvaa ngao za rangi za kulazimisha kinyago fulani, ule uhuru wa kubadilisha unavyojisikia unaondoka, unabaki kufuata rangi. Kwa gemu ya masaa kama nane hilo linaonekana mapema. Pili ile miiba ya kuua papo hapo na sehemu za kukimbizwa, nimetoka kusifia jinsi Celeste inavyosamehe kidole, Kenzera haisamehi kidole hivyo, na hapo unaona tofauti ya kazi yenyewe, siyo ya hela tu. Tatu ramani, aina hii ya gemu furaha yake ni kurudi ulikopita na uwezo mpya ukakuta kitu kilikuwa kinakusubiri, na Kenzera ukirudi mara nyingi unakuta kidogo.

Na la nne ndilo nililotaka sisi tuliseme maana nje hawawezi kuliona kirahisi. Gemu imetangazwa kama imejengwa kwenye hadithi za Wabantu. Sasa angalia zile roho tatu. Impundulu, ndege wa radi, sawa, huyo ni wa Wazulu na Waxhosa kule kusini. GaGorib ni wa Wakhoikhoi, ambao siyo Wabantu. Kikiyaon ni wa Afrika Magharibi. Kalunga anatoka upande wa Kongo. Kila mmoja peke yake ni mkubwa, ila wakiwekwa nchi moja chini ya jina moja unapata Afrika ya jumla, ile ileile ambayo miaka yote tunalalamika watu wa nje wanatuchorea. Na Pwani iko wapi? Mtu mwenye asili ya Kenya, gemu ina sauti za Kiswahili, lakini sikuona Liongo, sikuona majini ya baharini, sikuona hata bahari yenyewe kama sisi tunavyoijua, yenye majahazi na maji kupwa na kujaa. Simlazimishi Salim, hadithi ni ya baba yake na ataijenga anavyotaka, lakini kama mchezaji niliyeisikia gemu ikiongea lugha yangu ya nyumbani nilitamani nione na nyumbani kwenyewe, na nadhani ingekuwa gemu kali zaidi ingechagua sehemu moja ikachimba hapo.

Ningeipa 7 kati ya 10, na ni 7 ya heshima, ileile ningempa mtu wa Kanada.

Kuna wanaosema Kenzera siyo gemu ndogo huru kwa sababu ilitolewa chini ya EA Originals, mpango wa kampuni kubwa ya EA wa kutoa gemu za studio ndogo. Huo mjadala ulishawaka pia mwaka 2023 Dave the Diver ilipotajwa kwenye tuzo ya gemu huru wakati studio yake ilikuwa chini ya Nexon, kampuni kubwa ya gemu. Mi sishindani sana na jina, naangalia nani anaumia mambo yakienda vibaya. Julai 2024, miezi mitatu tu baada ya Kenzera kutoka, Surgent ilipunguza watu zaidi ya kumi, na Oktoba wengine waliobaki upande wa gemu wakapewa notisi. Hilo linaniuma, na linaniuma zaidi nikikumbuka sisi tuliokuwa tunaposti bendera wangapi tuliinunua. Hapa napo siwezi kuwalaumu wote, nimeshaeleza habari ya kadi za zawadi na mtu wa kati, gemu inaongea Kiswahili na duka la PlayStation halitambui nchi zinazoongea Kiswahili.

Nyamakop wa Afrika Kusini walitangulia njia hii, Semblance yao ya Julai 2018 inatajwa kuwa gemu ya kwanza iliyobuniwa Afrika kufika kwenye konsoli ya Nintendo, unaikunja ardhi kama unga uliokandwa ukatengeneza njia yako, wazo zuri sana na fupi, nayo nilitaka waisukume mbali zaidi kwenye leveli za mwisho.

Surgent hawakufa. Julai 2025 walitoa Dead Take, kwanza kwenye kompyuta, gemu ya kutisha, muigizaji anaingia kwenye jumba la prodyuza Hollywood kumtafuta rafiki yake, na ndani kuna video za waigizaji halisi. Hakuna mbuyu, hakuna vinyago. Nimeona watu huku wakiuliza mbona wameacha mambo ya Afrika, na mi naona wameandika kuhusu kazi ya uigizaji ambayo Salim ameifanya maisha yake yote, wana haki hiyo. Makala yangu ijayo ni hiyo, nitaichambua vyumba kwa vyumba, na kama milango yake ni ya kubahatisha nitasema ni ya kubahatisha.